Eustaki Naye Anataka Karatasi

Zilipobaki wiki tatu Angela afanye mtihani wa kuingia shule ya masista, Sumbawanga mjini, baba yake, Eustaki, aliamua kumsaidia. Wasichana mia nne waligombea nafasi arobaini, na nyumbani kwao, kijijini karibu na Matai, kitabu cha mitihani iliyopita kilikuwa kimoja tu.

"Mimi nauliza, wewe unajibu," alisema Eustaki.

Siku ya pili tu alikwama kwenye hesabu za sehemu. Alikataa katakata kwamba nusu ya theluthi ni moja ya sita, akaenda na kitabu kwenye mahindi aone wamekosea wapi. Jioni alirudi anakimbia, hajapukuchua hata hindi moja.

"Angela! Kumbe ni kweli!"

Tangu hapo kitabu kikawa hakipatikani. Angela akikitafuta mezani, kiko chooni, na baba yuko nacho. "Ngoja nimalize ukurasa," anajibu huko huko ndani.

"Mama, mtihani ni wangu!" Angela alilia.

Mama yake, Coleta, alichukua kisu akakipasua kitabu katikati. Asubuhi hisabati kwa Angela, sayansi kwa baba, mchana wabadilishane. Atakayechelewa kurudisha, hali. Eustaki alikosa ugali mara mbili.

Angela naye akaanza kusoma kwa hasira, maana hakutaka baba amtangulie. Jirani waliozesha kwa ngoma siku mbili mfululizo. Hakuinua hata kichwa.

Siku ya mtihani Eustaki alivaa koti la kanisani. Walipofika getini alitoa rula na penseli mbili zilizochongwa, akapanga foleni nyuma ya binti yake.

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista."

"Milele amina," alijibu Sista Albina, aliyeshika orodha ya majina. "Wazazi wanasubiri nje, baba."

"Mimi nimejiandaa, Sista."

"Hii ni shule ya wasichana!"

"Sijaomba kitanda. Naomba karatasi."

Angela alitamani ardhi ipasuke. Sista alizitazama zile penseli zilizochongwa, kisha akampa Eustaki karatasi na kumkalisha kwenye benchi barazani. "Ukichungulia dirishani, nakunyang'anya."

Majibu yalitoka baada ya mwezi. Angela alikuwa wa ishirini na saba, amechaguliwa. Baba alimbeba juu juu akamzungusha uwanjani. Halafu akafungua bahasha yake: thelathini na moja kwa hamsini. Akaipitia karatasi yake iliyosahihishwa, swali kwa swali.

Kumbe swali moja lilitaka kiumbe kinachokula nyama na mimea, naye aliandika "shemeji yangu Polikarp". Wamemkata alama.

"Baba, walitaka binadamu," alisema Angela.

"Kwani Polikarp ni nani?"

Eustaki aliandika barua ya rufaa, kurasa mbili. Angela alirekebisha tahajia, na Januari akaenda nayo shuleni pamoja na sanduku lake. Sista Albina aliisoma amesimama, akaifuta miwani, akaisoma tena.

"Mwambie baba yako," alisema, "nimemwongezea nusu alama."