Maji ya Chumvi kwa Bi Tahiya

Bi Tahiya alifariki Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake Mji Mkongwe, akiwa na miaka themanini na moja na akili zake timamu. Saa moja kasorobo binti yake, Shaima, alifungua bomba la jikoni ili ajaze ndoo ya kuoshea maiti, na bomba likatoa ngoma na gitaa. Shaima alilifunga. Tangu Ijumaa mabomba ya mtaa mzima yalikuwa yakitoa muziki badala ya maji, na watu walishazoea.

Mwishoni mwa wiki ile palikuwa na sherehe tatu. Forodhani lilikuwako tamasha kubwa la wageni, lililozungushiwa mabati mpaka ufukweni, na asiye na utepe wa rangi ya chungwa mkononi haingii. Kwenye uwanja wa skuli, kampuni moja ya simu iligawa kofia na kupiga muziki bure kwa yeyote aliyekuwa tayari kupigiwa kelele kuhusu vifurushi. Na Bububu walikuwa na dufu na kasida zao za kila mwaka, chini ya turubai, na sufuria tatu za biriani. Nyumbani kwa Bi Tahiya bomba la jikoni lilitoa Forodhani, la uani lilitoa Bububu, na la chooni lilitoa kampuni ya simu, jambo ambalo kila mtu aliliona la haki. Ndoo ya muziki ilikuwa na uzito uleule wa ndoo ya maji. Ilimwagika vilevile, ila haikulowesha kitu.

Sababu haikuwa siri. Waandaaji wa Forodhani walitaka maporomoko ya maji nyuma ya jukwaa, na mtu fulani mwenye muhuri akakubali maji ya mtaa yapelekwe huko kwa siku tatu. Mtaa haukuulizwa, kwa sababu mtaa hauna utepe.

Bi Rahila, anayeosha maiti za kike mtaani hapo, alifika na kafuri na majani ya mkunazi. Aliweka kiganja chini ya bomba la jikoni, akasikiliza kidogo, akalifunga.

"Haya hayatwahirishi," alisema. "Nnataka maji, Shaima. Mama yako azikwe baada ya alasiri."

Shaima alikwenda kwa Kurban, mwenye duka la pembeni. Kurban alitoa pole kwa dhati, kisha akaonyesha rafu tupu. Chupa zote zilichukuliwa Alkhamisi na watu wa Forodhani. Kisima cha mtaa kilikuwapo bado, lakini hoteli ilikifunika kwa kioo na kutia taa chini, ili wageni wakitazame huku wakinywa vinywaji vyao. Gari la maji lilikuwa kazini likinyunyizia uwanja wa tamasha, vumbi lisiwaingie wageni puani.

"Basi si tumtayamamishe kwa mchanga?" Shaima aliuliza aliporudi.

"Na bahari ile pale?" alisema Bi Rahila. "Kutayamamu ni kwa aliyekosa maji. Sisi hatukukosa, tumefungiwa. Nendeni mkachote."

Shaima aliondoka na majirani watatu, kila mmoja na ndoo yake. Kwenye lango la mabati alisimama Ubwa, kitambulisho shingoni na redio ya upepo mkononi. Ubwa alizaliwa mtaa huohuo. Bi Tahiya alimsomesha Kurani kwa miaka minne chuoni kwake na hakumchapa hata mara moja, kosa ambalo matokeo yake yalikuwa yamesimama langoni.

"Ubwa, mama kafariki," alisema Shaima. "Twataka maji ya bahari ya kumkoshea."

"Inna lillahi," alisema Ubwa, akawatazama mikono. "Tepe hamna?"

"Hatuna."

"Basi mmenipa mtihani, dada Shaima. Bahari iko ndani."

Walisimama juani. Shaima alimdharau Ubwa kwa moyo wake wote, na dharau ile ilimsaidia kusimama. Saa nne redio ikauliza kikundi cha utamaduni kiko wapi, mbona jukwaa tupu. Kikundi cha utamaduni kilikuwa Bububu, kwenye biriani, kwa kuwa Forodhani walikiahidi vyeti tu. Ubwa akawatazama wale wanawake wanne, mabuibui yao na ndoo zao.

"Piteni," alisema. "Piteni upesi. Na mkifika mbele ya jukwaa msiseme kitu."

Walipita kando ya maporomoko. Yalikuwa maji kweli, baridi, yakianguka kutoka juu kama nyumba ya ghorofa mbili. Shaima akaomba achote hapo, akaambiwa yale ni mapambo. Wakateremka ufukweni, wakachota, wakajitwika, wakarudi mbele ya jukwaa. Wageni wakapiga makofi. Bwana mwenye kipaza sauti akawaeleza kwamba hii ni ngoma ya jadi ya wanawake wa visiwani, inayochezwa wakati wa mavuno. Mavuno ya nini, hakusema. Ndoo nne hazikutosha, kwa hiyo wakarudi mara ya pili, na makofi yakazidi. Jirani mmoja, aliyesomeshwa na Bi Tahiya, alikuwa akilia. Huyo ndiye aliyepigwa picha zaidi.

Nyumbani Bi Rahila aliamuru bomba la jikoni na la chooni yakazwe. La uani aliliacha wazi, maana Bububu walikuwa wakimsalia Mtume kwa sauti ya chini. Alimwosha Bi Tahiya mara tatu, kwa mkunazi, kwa maji matupu, kisha kwa kafuri, na mwisho akamfuta chumvi kwenye nyusi. Baada ya alasiri jeneza lilipitishwa uchochoroni, kwa kuwa njia kubwa ilipangwa viti.

Jumatatu maji yalirudi. Kabla yake bomba la jikoni lilikohoa likatoa nusu ndoo ya makofi. Shaima aliyatambua ni ya nani, akayamwaga chooni.

Jioni ilisomwa khitma. Ubwa alikuja, akavua viatu, akasoma juzuu yake bila kukosa herufi, kwa sababu alifundishwa vizuri. Akala. Kisha akamkabidhi Shaima barua ya waandaaji. Waliwashukuru Akina Mama wa Ndoo na kuwaalika mwakani. Waliomba watembee polepole zaidi, na yule anayelia aanze mapema. Chini kabisa waliandika kwamba tamasha la mwakani litakuwa la siku nne.

"Hii fursa, dada Shaima," alisema Ubwa.

Shaima aliikunja barua, akateremka kwa Kurban kuulizia pipa.

"La kiasi gani?"

"La kumtosha maiti mmoja."

Kurban alisema ya kiasi hicho yamekwisha tangu asubuhi.