Kikombe cha Dang'a

Bi Somoe ni mtu wa kushuku. Hushuku mizani ya muuza samaki, hushuku salamu ya jirani ikizidi urefu, na tangu jana anashuku titi la binti yake mwenyewe. Amekaa kizingitini, jua la alasiri likimpiga miguuni, mkononi ana kikombe cha bati chenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, aliyomkamulisha binti huyo, Sikudhani, ili akayamwage nyuma ya nyumba kama mama yake alivyomwaga na bibi yake kabla ya hapo. Uchafu wa miezi tisa, ndivyo wanavyoyaita kwao. Mtoto, aliyezaliwa kabla ya siku zake na mwepesi wa kutisha, ameshalambishwa kijiko kimoja cha maji ya sukari. Nesi wa zahanati alisema mengine kabisa. Alisema, mama, kinywa na utumbo wa mtoto vina utando laini wenye ute, na humo, kama kwenye machozi, mate na kamasi, kuna kimeng'enya kiitwacho lisozimu kinachobomoa kuta za vijidudu, na dang'a imejaa hicho, kwa hiyo msimwage, maana katoto haka kakiharisha tu tutakapoteza. Bi Somoe alimjibu ndiyo mwanangu, huku moyoni akisema msichana huyu hata paka hajazaa. Sasa anataka kuinuka akamwage, lakini macho yanamwelemea, na kizingiti kinalegea chini yake, kinakuwa chekundu, laini, chenye majimaji, na kabla hajasema bismillahi ameshateleza ndani.

Anatembea. Barabara ni ya ute, inapanda, inashuka, akigeuka nyuma anaikuta iko mbele, na kandokando ni miji yenye kuta zinazong'aa hata anajiona kila mahali, Bi Somoe huyu, Bi Somoe yule, wote wamekunja uso. Wanamjia watu wasio na nyuso, wengi, kimya, mikono mitupu. Wezi hawa, anawaza, na anakificha kikombe ndani ya kanga. Ninyi ni nani? anauliza. Mmoja wao anajibu, tumo katika chozi kabla hujalia, tumo katika mate kabla hujasema. Nimeuliza majina, sikuomba mashairi, anasema Bi Somoe, nani kawaleta kwa mjukuu wangu? Asiye na uso anasema, mama yake alikuwa akituletea wenzetu, wamekwama njiani. Wamekwama wapi? Mkononi mwa anayeuliza. Bi Somoe anaguna, anakibana kikombe zaidi, na hapo hapo wageni wanaingia mlangoni, kila mmoja amejizungushia ukuta wake. Wale wasio na nyuso, kumbe ndio walinzi, wanawakabili bila kelele. Hawapigi mtu. Wanashika ukuta, wanapapasa mshono, wanafumua. Bi Somoe anajisogeza, maana kushona mikeka ndiyo kazi yake, anajua mkeka ni ukili ulioshonwa na ukili, na ukifumua hapa na pale huna mkeka tena, una majani tu. Ndivyo ukuta unavyoachia, mgeni anavimba maji, anapasuka. Kazi nzuri hii, anasema kwa sauti, na papo hapo anajishuku kwa kusifu. Lakini walinzi ni wachache, wageni wanazidi kumiminika, na ng'ambo kule ukuta unaong'aa unaanza kuchubuka. Mbona hamuwawezi? anafoka. Wapo tusiowaweza hata tukijaa, anasema asiye na uso, na leo hatujajaa. Basi nani kawafungulia mlango? Wageni wenyewe ndio wanaomgeukia, wanamwamkia kwa adabu zote, shikamoo bibi, ahsante kwa kutuleta, na nyuma yao anakiona kijiko chake, kinadondosha maji ya sukari aliyoyachota mtungini bila kuyachemsha. Amemshuku kila mtu humu isipokuwa mwenye kijiko. Anakitoa kikombe kangani, anakiinamisha, na haoni anamimina wapi.

Anafumbua macho. Kikombe ni kitupu. Ardhi mbele ya kizingiti imelowa, na sisimizi wameshaanza kukusanyika. Sikudhani! anaita. Abee mama, anaitikia binti yake, anatokea na mtoto begani. Nimeyamwaga wapi? Mama jamani, si umeingia sasa hivi, kimya kimya, ukamnywesha mjukuu wako kikombe chote, kisha ukatoka na bakuli la yale maji yako ya sukari ukayamwaga hapo? Bi Somoe anamkazia macho, anashuku anadanganywa ili atulie. Miguu yake ina ganzi, haijainuka popote, lakini nyayo zina ute unaonata. Anampokea mtoto. Haya mume wangu, niambie wewe, ananong'ona, na mtoto anapiga mwayo, na katika kinywa kile kidogo, chekundu, kinachong'aa, Bi Somoe anauona uso wake mwenyewe, umekunjamana, unamtazama kutoka ndani. Anamrudisha haraka kifuani kwa mama yake. Mpe titi, mwanangu, anasema. Kama nimeamka, mpe. Kama bado naota, mpe hivyo hivyo. Kisha anabaki amesimama pale mlangoni, anamsikiliza mtoto akimeza.