Jina Chini ya Picha

Teke la kwanza lilimpata Mzee Mangi mbavuni kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani imemteremka puani, akimsomea Kabibi habari za Wamisri wa kale na jinsi walivyowakausha maiti wao kwa chumvi. Kabibi alikuwa chini jamvini, akikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona makuti. Kitabu kiliruka, kigoda kikapinduka, na mzee wa miaka sabini na mitatu akaanguka kifudifudi kwenye mchanga wa uwanja wake mwenyewe.

"Mutsai!" Baya alifoka. "Mchawi mkubwa wewe! Umenilia mwanangu!"

Baya ndiye mume wa Kabibi, na Mzee Mangi ni baba yake mdogo, tumbo moja na marehemu baba yake. Alikuja na wenzake wawili: Mwaringa aliyeshika panga, na Nzai wa bodaboda aliyebeba chupa ya petroli. Asubuhi hiyo walitoka kwa mganga, naye aliwaambia kwamba homa iliyomuua Kadzo, binti wa Baya na Kabibi wa miaka saba, ilitumwa na mtu wa ukoo mwenye mvi. Haya, Matsangoni nzima ina wenye mvi wangapi? Lakini mwenye mvi na shamba la kando ya barabara asilotaka kuliuza alikuwa mmoja tu.

Nzai akaokota kitabu. Kilikuwa kinene, cha Kiitaliano, zawadi ya mzungu wa Watamu ambaye Mangi alimtunzia bustani miaka ishirini na miwili mpaka akaishika lugha yake. Nzai akakifungua palipowekwa alama ya jani la mnazi.

"Mungu wangu," akasema. "Hebu njooni muone."

Palikuwa na picha ya maiti iliyozungushiwa vitambaa tangu utosi hadi nyayo, na juu yake ameinama mtu mwenye kichwa cha mbweha. Chini ya picha, kwa penseli, paliandikwa: KADZO BAYA.

Kabibi akaliachia kuti alilokuwa akilishona. Jina lile aliliandika yeye.

Aliacha shule darasa la kwanza, na hilo kila mtu alilijua. Asichokijua Baya ni kwamba alasiri, kazi ya makuti ikiendelea, mzee aliwafundisha herufi yeye na Kadzo pamoja, kwa kitabu kilekile chenye picha za wavunaji na za wanawake wa kale wakisuka mikeka. Kadzo aliipenda ile ya maiti kuliko zote. Aliposikia kwamba ubongo ulivutwa kwa ndoana kupitia puani, alicheka hadi akagaagaa. Wiki moja baada ya maziko, mzee alisoma kwamba watu wale waliamini jina la aliyekufa likiandikwa na kutamkwa, mwenyewe hapotei. Kabibi alifungua pindo la leso, akatoa kipande cha penseli cha mwanawe, akaandika.

"Nani kaandika hili?" Baya aliuliza, akimpokonya Nzai kitabu.

Mzee Mangi aliinua uso uliojaa mchanga. Akamtazama Kabibi, kisha akamtazama Baya.

"Ni mimi," akasema.

Kabibi alielewa kwamba anakingwa. Mdomo ulimfunguka aseme. Ila alimwona Mwaringa akilipima panga mkononi, pia akayaona macho ya mumewe, akaogopa. Aliogopa kwa muda wa pumzi tatu, na pumzi hizo tatu hatajisamehe maisha yake yote.

Panga lilishuka. Mzee aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na mfupa ukatoa sauti ya dafu linapochongwa. Damu iliruka hadi kwenye makuti yaliyopangwa jamvini. Mwaringa akampiga teke la uso. Nzai naye alimwaga petroli kwenye paa, paa ambalo Kabibi alilishona mwenyewe kuti kwa kuti mwaka jana, akawasha kiberiti.

"Ni mimi!" Kabibi alipiga ukelele. "Baya, mwache baba! Nimeandika mimi, kwa mkono wangu!"

Baya alimgeukia, akamzaba kofi lililomwangusha. "Kakuroga na wewe? Hujui hata kushika kalamu!"

Mdomo wa Kabibi ulijaa damu. Aliufuta mchanga kwa kiganja mpaka ukawa laini, akaanza kuandika kwa kidole. K. A. Moshi ulimwingia machoni. D yake ililala nyuma, kama mlango uliong'oka bawaba moja. Mwaringa akaliinua panga tena, lakini Baya alimshika kifundo cha mkono bila kumwangalia. Alikuwa amekishusha kitabu karibu na mchanga, macho yakienda kwenye karatasi na kurudi chini. D ilikuwa ileile.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ili asipotee."

Nzai ndiye aliyeondoka kwanza, akiisukuma pikipiki bila kuiwasha. Mwaringa akamfuata, panga amelificha mgongoni. Wote wawili walizunguka wasilikanyage jina.

Kabibi alivua leso ya begani, akamfunga mzee mkono na kukaza kwa meno, kama akazavyo uzi wa kuti.

"Kitabu," mzee alinong'ona. "Kisiungue."

"Nyamaza, baba. Utapona." Hakuwa na hakika. Akapaza sauti kwa hasira ambayo hakujua kwamba anayo: "Nzai! Irudishe hiyo pikipiki! Apelekwe hospitali!"

Nzai alisimama njiani, mgongo amewapa.

Kabibi alipokuwa akimfunga mzee, penseli ilikuwa imedondoka kutoka kwenye pindo la leso. Baya akaiokota. Aliinunua yeye mwenyewe, Januari, shule zilipofunguliwa. Nyuma yake paa lote liliporomoka na cheche zikapanda juu ya minazi, wala hakugeuka. Alichuchumaa palepale kando ya mchanga, akipitisha kidole gumba juu ya ncha iliyotafunwa, kwenye alama ndogo za meno, moja baada ya nyingine.