Kitambaa cha Béata

Honoré, aliyewauzia wakubwa petroli, aliiweka katoni juu ya benchi, akaupasua utepe kwa ufunguo, akatoa chupa nyekundu isiyozidi urefu wa kiganja.

"Dawa ya Dubai," alisema. "Ya kupandisha oktani, nguvu ya esanse. Unatia ndani ya tangi, gari inaruka."

Béata aliitazama chupa bila kuipokea. Alikuwa akifuta shingo ya bidoni, dumu la kuuzia esanse, taratibu, kama mtu anayemfuta mgonjwa uso. Mtaa wote wa Katoyi ulinuka kiberiti. Wiki chache nyuma mlima wa moto ulikuwa umeshuka, ukaupasua mji wa Goma katikati na kwenda kuzimika ziwani. Huku magharibi moto haukufika, lakini majivu yalifika, na kila asubuhi Béata aliyakung'uta kwenye benchi lake kabla ya kupanga bidoni zake kando ya barabara. Watu wa mji huwaita wauzaji wa petroli wa barabarani kama yeye makadafi, kwa jina la yule rais wa nchi ya mafuta. Wengine hukasirika. Yeye aliitika.

"Uliza kile ninataka," Honoré alisema.

"Unataka nini, Papa Honoré?"

"Kitambaa chako."

Kila kadafi wa Katoyi alikuwa na kitambaa chake. Alikikata kutoka kitenge kimoja, akakifunga juu ya mfuniko wa kila bidoni aliyoijaza kwa mkono wake. Cha Béata kilikuwa cha kijani chenye ndege wa manjano. Mteja aliyekiona hakufungua bidoni kunusa. Aliamini, akamimina, akaenda zake.

Kabla ya kufunga, Béata alidondosha esanse kidogo kwenye kiganja chake. Ikiwa safi, ilikauka na kuacha baridi. Ikiwa imechanganywa na petroli ya taa, mafuta ya jiko na kandili, iliacha utelezi na harufu ya jikoni. Hilo hakulijifunza kwa makadafi. Baba yake alichunga ng'ombe kule Masisi, na kila alipopeleka maziwa kwa jirani alitia tone kiganjani, akalamba kwanza mwenyewe. Mtu atiaye maji ndani ya maziwa, walisema kule, ng'ombe zake humsikia.

"Jumapili ni mbio za magari," Honoré aliendelea. "Mpaka mji wa Sake. Afande amealika wageni, waone Goma haijakufa. Gari yake iko na turbo, unaijua. Na esanse ya kutoka ng'ambo haiingie tena, barabara imefungwa na mawe. Ile niko nayo, nimeiongeza petroli ya taa. Kidogo tu. Dawa itarudisha nguvu yake."

"Dawa hiyo ni ya kusaidia esanse nzuri. Haifufue."

"Nani amekuambia?"

"Léopold."

Léopold Mbarushimana ndiye aliyeendesha gari la afande, mkubwa wa waasi waliokuwa wakitawala mji. Kila alipokuja kununua alikaa kwenye benchi hili na kusimulia habari za injini kama mwanamume mwingine anavyosimulia habari za mke wake. Turbo, alisema, hushindilia hewa ndani ya injini mpaka iwe kali. Esanse dhaifu haivumilii. Hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya kopo, na katika mwendo mkubwa huweza kutoboka au kukwama. Na ikikwama kwenye kona, gari hufuata njia yake lenyewe.

"Basi huyo Léopold ndiye shida yangu," Honoré alisema. "Hatie kitu ndani ya gari mpaka aone ndege zako za manjano. Funga tu vitambaa. Mengine ni yangu."

"Hapana."

"Mama Béata. Wewe unauza esanse ao unauza komunyo?"

Akina mama wa benchi za jirani walicheka. Béata naye alitabasamu kidogo.

"Nauza esanse. Ndiyo maana ile yako siitie jina langu."

Siku iliyofuata Honoré alirudi na askari wawili. Hawakupiga mtu. Walichukua bidoni tupu zilizokuwa bado na vitambaa shingoni, wakazirusha ndani ya gari, wakaondoka. Béata alibaki amesimama, mikono ikinuka esanse, akilitazama vumbi lao jeusi.

Nsimire, aliyeuzia kwenye benchi la pili, alimletea kiti.

"Kaa, dada yangu. Ni kipande cha nguo. Utakata kingine."

"Kesho Léopold atapita kona za Mugunga na kile kitu ndani ya tangi."

"Mutumie mutu amwambie."

"Nilituma tangu jana. Gari imefungwa ndani ya lupango, uani kwa afande, na Léopold analala humo. Hawaachie mutu kuingia."

"Basi umefanya yako." Nsimire alishusha sauti. "Béata, wale watu hawana mchezo. Mlima umekuachia nyumba. Usiende kuitafutia moto mwenyewe."

Béata alikaa kwenye kile kiti mpaka wateja wakarudi, akawahudumia mmoja baada ya mwingine, kila mara akidondosha tone kiganjani.

Jumapili watu walijaa pande zote mbili za barabara. Waliokuwa wamelala makanisani na mashuleni tangu mlima ushuke walikuja na watoto mgongoni, na waliokuwa wametoka misa walikuja na nguo zao nzuri. Gari la afande, la buluu, lilikuwa mbele, likinguruma polepole, na Léopold ameinama juu ya usukani akisikiliza. Honoré alikuwa amekwisha kumimina bidoni ya kwanza na dawa yake. Nyingine mbili zilisubiri chini, ndege wa manjano shingoni.

Béata alipita katikati ya watu akiwa amevaa kitenge kizima, kile kile cha kijani, ili mtu yeyote asiulize yeye ni nani. Alipiga magoti kando ya zile mbili zilizosubiri. Akafungua fundo.

Honoré aliona. "Mama, unafanya nini?"

Akafungua fundo la pili. Kisha akanyoosha mkono kwenye ile iliyokwisha kumiminwa garini. Fundo la tatu lilikuwa limefungwa vibaya, kwa mkono wa mwanamume. Alilifungua kwa meno.

Afande alikuwa amekaa kivulini na wageni wake. Alisimama, akaja bila haraka. Watu waliokuwa karibu walijikuta wako mbali.

"Unachukua nini pale?"

"Nguo yangu, afande."

"Na esanse?"

"Hiyo haiko yangu. Mwenyewe amesimama nyuma yako."

Honoré alicheka peke yake. "Afande, huyu mama ni wa wivu tu, alitaka kazi..."

"Nyamaza." Afande hakugeuka. "Mama, unanijua?"

"Ninakujua. Watu wote wanakujua. Ndiyo maana nimekuja mchana."

"Na mimi nikisema gari iende?"

"Itaenda, afande. Lakini haitaenda kwa jina langu."

Léopold alikuwa ametoka garini. Alikwenda kwenye bidoni, akamimina kidogo kiganjani, akangoja. Alisugua vidole. Akavinusa. Kisha akarudi, akaingiza mkono dirishani, na ule mngurumo uliokuwa umejaza barabara tangu asubuhi ukakatika. 

"Washa," afande alisema.

"Nitawasha nikishaimwaga hii yote, afande."

Hakungoja jibu. Alimgeukia Béata.

"Mama, iko ngapi nzuri kwako?"

"Bidoni moja ndogo, nusu. Haitakufikisha Sake."

"Itanifikisha wapi?"

Béata alifikiri. Hakutaka kusema uongo hata hapa. "Mugunga. Pengine."

"Basi Mugunga."

Léopold alifungua mlango, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaliegemea gari kwa bega. Halikusogea. Kisha mwanamume mmoja mwenye suti ya misa akavua koti lake, akampa mke wake, akaja nyuma na kuweka mikono. Akaja mwingine. Akaja Nsimire, akinung'unika kwamba Béata atamletea kifo siku moja.

Béata alitangulia kuelekea Katoyi, kwenye ile bidoni yake nzuri. Hakutazama nyuma kuona uso wa afande umebadilikaje. Nyuma yake, juu ya kokoto nyeusi, alisikia magurudumu yanaanza kuzunguka, na pumzi za watu wengi.