Barua ya Mtu wa Akili

Umeme ulikatika pasi ikiwa katikati ya shuka. Haitham aliisukuma haraka ili moto uliobakia usipotee bure. Pindo moja likanyooka, la pili likabaki na makunyanzi. Chumba cha pasi cha nyumba ile ya wageni, Mkunazini, hakikuwa na dirisha ila tundu la juu ukutani, na feni iliposimama joto la mashuka likampanda usoni.

"Asila!" Bi Ulfat, msimamizi wa usafi, aliita kutoka ngazini.

"Naam."

Kandambili za Bi Ulfat zikasikika zikishuka.

"Nani kaitika?"

"Mimi, Bi Ulfat."

"Mtoto wa kike haitiki naam. Anasema abee. Mimi nlidhani kaja fundi wa umeme, nshataka kujitanda kanga!" Akacheka peke yake, kisha akaangalia shuka. "Hili wageni watalilalia hivi?"

"Umeme ukirudi ntalirudia. Bi Ulfat, leo nna miadi hospitali."

"Tena? Hilo tumbo lako lina nini? Usije ukawa una mambo, ukatuletea aibu hapa."

"Sina mambo."

"Haya nenda. Lakini haya mashuka ni yako, hata ukirudi usiku."

Kitambulisho cha Haitham kilisema Asila, mwanamke. Mwenyewe alijijua ni Haitham tangu yupo skuli, na jina hilo walilijua watu wawili tu: rafiki yake Kurwa, aliyehamia nje, na Bi Maisara wa ushauri nasaha. Kurwa ndiye aliyemwambia kuwa iko sindano inayoifanya sauti iwe nzito na ndevu ziote. Walikuwapo vijana wa kunyanyua vyuma waliojichoma sindano hiyo kwa kificho, na mmoja alikuwa tayari kumuuzia, lakini Haitham aliogopa. Alitaka daktari, apimwe damu, achomwe kama watu wengine wanavyotibiwa.

Daktari aliyemwendea ni Muhiddin, mwenye kliniki yake karibu na Darajani. Siku ile daktari alimsikiliza huku macho yake yakiwa mlangoni, kisha akasema, "Lete barua, halafu tutazungumza."

Barua! Haitham alitoka pale amefurahi. Barua si kitu kigeni Unguja. Ukitaka kufungua akaunti, barua ya sheha, mkuu wa mtaa. Ukitaka pasipoti, barua ya sheha. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mmanga, sheha wao, akamwambia anataka barua ya hospitali. Mzee Mmanga hakuuliza sana. Aliandika kuwa mtajwa hapo juu ni mkaazi wa shehia yake, ni mtoto wa watu, ana tabia njema, na kwamba apewe kila msaada anaouhitaji. Akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Daktari Muhiddin alipoisoma alicheka hadi akavua miwani. "Sheha kakuruhusu ubadilike? Mimi nataka barua ya mtu wa akili, mwanasaikolojia, aseme kuwa huna wazimu na unajua unachokitaka."

Kurwa alipoambiwa kwa simu alishangaa. "Kwani barua lazima? Huku wapo wanaoitaka, na wapo wasioitaka. Wanakueleza dawa inafanya nini na ina madhara gani, ukielewa unatia saini mwenyewe."

"Huko ni huko," Haitham alimjibu.

Ndipo alipompata Bi Maisara, kwenye chumba cha mwisho cha hospitali ya serikali, chumba chenye kitanda kibovu na makasha ya glavu. Miezi imepita akienda pale, akisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa sauti. Leo ilikuwa siku ya kupewa barua.

"Kaa, mwanangu," Bi Maisara alisema. Barua ilikuwa mbele yake, lakini kalamu ilikuwa bado mkononi. "Kabla sijatia saini nataka kukuuliza. Ukipenda nitaongeza neno moja. Nitaandika huntha."

Haitham alilijua neno hilo. Alilisoma chuo cha Kurani, kwenye kitabu cha fiqhi: huntha, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyojulikana ni ya kiume au ya kike. Wana sehemu yao katika mirathi, wana pahala pao katika safu ya sala.

"Mimi si huntha, Bi Maisara. Mimi nilizaliwa mwili mzima wa kike. Unajua."

"Najua. Lakini huntha watu wana pa kumweka. Daktari hatoogopa sana. Hata mama yako unaweza kumtazama usoni ukamwambia, Mungu kaniumba hivi."

"Hivi nilivyo nani kaniumba?"

Bi Maisara aliinamisha kichwa. Nje mtu alikuwa akimkemea mgonjwa kwa kupanga foleni isiyo yake.

"Ukiandika uongo," Haitham alisema, "mtu atakayepewa dawa atakuwa ni mwengine. Si mimi."

Basi ikatiwa saini kama ilivyokuwa. Ilisema kuwa Bi Maisara amezungumza naye mara nyingi, kwamba akili yake ni timamu, kwamba anaelewa dawa anayoiomba na madhara yake, na kwamba kumnyima kunamuumiza. Haitham aliisoma pale pale, amesimama. Hakuwahi kuona ukweli wake umepigwa chapa. Aliitia kwenye mkoba, akaukumbatia kifuani njia nzima, akipita katikati ya wauza samaki na wapiga mnada bila ya kuwasikia.

Daktari Muhiddin alimwita baada ya alasiri. Aliisoma barua, akairudia.

"Anaandika vizuri huyu bibi," alisema. "Lakini sioni huntha hapa."

"Kwa sababu si huntha."

"Angeandika hivyo ningekuwa na pa kuanzia."

"Ungenipima?"

"Ningekupima."

"Ungeona ni uongo."

Daktari akaiweka barua mezani, akailaza vizuri kwa viganja viwili. "Barua haina kosa. Tatizo si barua."

"Ulisema tatizo ni barua."

"Nlisema."

"Dawa huna?"

"Dawa nnayo. Nnawachoma wazee waliopungukiwa nguvu."

"Na wao wanaleta barua ya mtu wa akili?"

"Wao ni wanaume," daktari alisema, kisha akasikia alichokisema, akashika miwani yake.

Haitham alijaribu kuituliza sauti, ile sauti nyembamba aliyoichukia. "Daktari, mimi sina elimu. Nambie tu. Barua inahitajika au haihitajiki?"

"Huko wanakoyajua mambo haya, wengine wanaitaka, wengine siku hizi hawaitaki. Nimesoma. Hapa..." Akamsogezea barua yake. "Hapa wakija kuniuliza kwa nini nimempa mwanamke dawa hii, hakuna karatasi itakayonisaidia. Si ya bibi huyu, si ya sheha. Nina watoto."

"Ungenambia siku ile ile."

"Nlidhani hutorudi." Alisema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Wapo wawili nliowaambia hivyo kabla yako. Nao hawakurudi."

"Wako wapi?"

"Sijui. Sikuwauliza."

Haitham alitoka. Ukumbini mlikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, la wanawake kushoto, la wanaume kulia. Rahila, msichana wa mapokezi, alimtabasamia. "Daktari kasema urudi lini?"

"Hakusema."

Akavuka ukumbi, akakaa kulia. Mzee aliyekuwa karibu alijivuta, akakusanya kanzu yake.

"Dada," Rahila alisema, "hapo wanapokaa wanaume."

"Najua."

"Basi hamia huku."

Hakuhama. Wanawake wa benchi la pili wakatazamana. Mmoja akasema, "Jamani, huyu mzima?" Gharib, mlinzi, aliitwa kutoka mlangoni. Alikuja na rungu lake, akasimama mbele ya Haitham, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Mtoe," Rahila alisema.

"Nimshike vipi mtoto wa kike? Mtoe wewe."

"Mimi nije nijichanganye na wanaume hapo?"

Basi akabaki. Wagonjwa waliingia na kutoka. Barua ilikuwa magotini, na mzee wa pembeni alijaribu kuichungulia bila ya miwani. Kila mlango wa daktari ulipofunguliwa Haitham aliinua macho, mpaka Rahila akamwonea huruma.

"Dada, daktari keshatoka. Kapita mlango wa nyuma."

Kukaadhiniwa magharibi. Wanaume wakanyanyuka mmoja mmoja kwenda msikitini, na Gharib naye akaegesha rungu ukutani akawafuata. Benchi zima la wanaume likabaki lake. Rahila akazima feni, akaanza kufunga madirisha.