Mlango Usiomjua Waya

Bomba la darini lilipasuka asubuhi, watu wakinywa chai, na kati ya sehemu zote za hospitali ile maji yakaona yaangukie juu ya mashine kuu ya kompyuta. Fundi wa kompyuta, ambaye kwa wembamba wake kila mtu alimwita Waya, alikurupuka akaingia chumba cha mashine, na mlango ukajifunga nyuma yake kama kawaida. Muda si mrefu mashine ikafuka moshi, ikazimika. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mlango nao ulifunguliwa na mashine hiyohiyo.

Milango yote ya maana pale ilifunguka kwa kadi, na kadi zote zilitambuliwa na mashine moja. Mkurugenzi aliona huo ndio ujanja wa mwisho duniani. Vitasa aliving'oa, akaviita mambo ya kizamani. Kulikuwa na kitufe cha dharura, chekundu, cha kupendeza, nacho kimeunganishwa na mashine ileile! Waya alikibonyeza mpaka kidole kikamuuma, akaacha.

Angecheka, kama si mama yake. Mama alikuwa wodini, ghorofa hiyohiyo, akingoja kufanyiwa upasuaji wa moyo siku hiyo. Kisu hakikumtisha, alichoogopa ni ule usingizi. "Nishike mkono mpaka nilale," alimwambia. "Nisipoamka, angalau niwe nimekuaga." Waya alimwahidi, tena kwa kumtania kwamba akizidi kumng'ang'ania watapasuliwa wote wawili.

Mlango uligongwa. "Wewe, uko humo?" Alikuwa dada yake.

"Nipo. Mama vipi?"

"Anakuulizia wewe tu. Chumba cha upasuaji hakifunguki, na daktari hamgusi bila kuona faili lake la zamani, na hilo liko kwenye kompyuta. Halafu anasema tusichelewe, moyo unachoka. Fanya hima, mdogo wangu."

"Kijana," Mkurugenzi akadakia, "nimemwita fundi wa kuchomelea aje akate mlango, yuko njiani. Wewe rudisha mfumo. Tuko nyuma yako."

"Mko upande wa pili, mkuu," Waya alijibu. "Nyuma yangu kuna ukuta."

Akaitoa mashine ya akiba kwenye rafu, akaifuta kwa shati lake, akachomeka diski ya bakapu, iliyopaswa kutunza nakala za mfumo mzima. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, kama ilivyowaka siku zote. Akaifungua, akasoma tarehe. Diski ilikuwa imejaa zamani, kabla yeye hajaajiriwa, na tangu hapo haikuhifadhi kitu. Taa iliendelea kuwaka tu, na watu wazima wenye vyeti vyao, yeye akiwemo, wakaiamini taa.

Faili la mama lilikuwemo, maana alianza kutibiwa pale miaka mingi nyuma. Kadi za madaktari zilikuwemo. Ya Waya haikuwemo. Kwa diski ile, Waya alikuwa bado hajazaliwa kazini. Mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia chumba kile alikuwa fundi aliyemtangulia, aliyehamia ng'ambo na nywila ya kusajili kadi kichwani. Mkurugenzi mwenyewe aliagiza hivyo, kwa usalama, kwamba hata yeye asiweze kuingia.

"Fundi wa kuchomelea amefika wapi?" Waya aliuliza.

"Yuko njiani," Mkurugenzi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajui.

Basi akaelewa. Akiurudisha mfumo, mama ataingizwa kule na yeye atabaki huku. Asipourudisha, mama hatapasuliwa. Alikaa sakafuni kwenye maji, akalia kidogo kwa hasira, kisha akainuka, akaurudisha.

Milango ikaanza kulia kote kwenye korido, watu wakashangilia. Waya akagusisha kadi yake mlangoni. Taa nyekundu. Akaigusisha tena na tena, akaupiga mlango teke, taa nyekundu.

Kwenye kioo cha kompyuta picha za kamera zikarudi. Alimwona mama juu ya kitanda cha magurudumu, akisukumwa, akigeuza kichwa huku na huku kutafuta mtu. Alitoa mkono nje ya shuka. Dada yake akaushika. Mama akautazama mkono ule, akauachia taratibu, kisha akauweka wake tena nje, wazi.

Kidole cha Waya kilikuwa juu ya swichi ya mashine. Angezima tu, mlango wa upasuaji usingefunguka, wangemngoja. Mama alikuwa anahema kwa shida, hata kwenye kioo ilionekana. Waya akakiondoa kidole.

Mlango wa upasuaji ukafunguka vizuri kabisa, kitanda kikapita, ukajifunga. Kamera zile hazikupeleka sauti popote, lakini Waya alimuaga mama yake kwa sauti, humo ndani, peke yake.