Majani ya Mviringo

Paskazia alikuwa akichuma majani ya mzabibu kwa mikono miwili, mstari wa kwanza kutoka barabarani, na kuyasokomeza ndani ya kanga aliyojifunga kiunoni. Alichagua ya mviringo tu. Yale yaliyochanika kama vidole aliyaacha. Ya vidole yalikuwa machache.

"Mama Joshua, leo unapika mboga ya zabibu?" Batholomeo, jirani yake, aliuliza kutoka ng'ambo ya seng'enge.

"Nyamaza, baba. Wageni wanakuja."

Batholomeo alicheka, kisha akaona Paskazia anavyochuma bila kuinua macho. Akaacha.

Shamba la ushirika la Veyula lilipouzwa kwa kampuni ya mvinyo, kila familia iligawiwa kipande na miche ya Merlo, zabibu nyekundu ya kigeni ambayo kampuni ilitaka iwe msingi wa mvinyo wake wa mchanganyiko. Sharti lilikuwa moja: atakayeua miche ananyang'anywa shamba. Ya Paskazia ilikauka kiangazi cha kwanza. Pampu ya kisima, iliyowekwa kumwagilia miche, ilinguruma kila asubuhi, lakini baada ya watu kukinga ndoo za nyumbani, maji yaliingia kwenye lori la Elisante, msimamizi wa kampuni, yakaenda kuuzwa kwa wajenzi wa Miyuji. Paskazia alibeba maji kichwani mpaka shingo ikagoma. Mwisho akapanda mlimani kwenye mizabibu ya kienyeji aliyoachiwa na marehemu mumewe, akakata vipande, akavichomeka penye kila mche uliokufa. Majani yake yalikuwa ya mviringo, si ya vidole kama ya Merlo, lakini hiyo ilizoea ukame. Ikashika, na sasa ilikuwa imezaa.

Elisante alifika kwanza, kwa pikipiki. Hakumwamkia, ingawa alikuwa rika la wanawe. Alichomoa jani moja kwenye kanga.

"Hili nini?"

"Jani, bwana."

"La nini?"

Paskazia aliikaza kanga.

"Mkurugenzi akiuliza, zote ni Merlo. Ukisema vingine, huna shamba. Sema nisikie."

"Zote ni Merlo."

"Safi. Na ujifute uso, mama. Unatoka jasho kama mwizi."

Magari mawili yaliingia. Mkurugenzi alishuka na wageni wake, akatumbukiza zabibu mdomoni, akatafuna huku amefumba macho. 

"Tamu!" Mkurugenzi alisema. "Mama, hongera. Hii yote ni ile miche yetu?"

"Ndiyo, mzee. Zote ni Merlo."

Mkurugenzi alisukuma udongo kwa ncha ya kiatu. Vumbi likaruka.

"Mbona pakavu hivi? Hammwagilii?"

Elisante aliwahi kujibu. "Merlo imeizoea Dodoma, mkurugenzi. Haitaki maji. Si kweli, mama?"

Wote walimgeukia. 

"Kweli," alisema.

Mkurugenzi aliwafafanulia wageni kwa Kiingereza. Walipiga makofi. Kisha akamwambia Elisante, "Sasa pampu inafanya nini hapa? Izimwe leo, ipelekwe shamba jipya. Na ile mizabibu ya kienyeji kule mlimani ing'olewe, tupande hii."

"Mzee, samahani," Batholomeo aliita, ameshika seng'enge. "Maji ya ile pampu ndiyo tunayokunywa."

"Tulia, babu," Elisante alisema. "Mkulima mwenyewe ameshasema."

Batholomeo aliiachia seng'enge. Alikuwa akimtazama Paskazia.

Mgeni mmoja alitoa kamera. Wakamsimamisha Paskazia katikati ya mistari, wakamshikisha chupa ya mvinyo ambao hajawahi kuuonja. Mkono wake wa pili uliibana kanga tumboni, majani yasimwagike.

"Tabasamu, mama."

Upande wa kisimani pampu ilikohoa, ikanyamaza. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya ndoo waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakitafuta kilichotokea, mpaka macho yao yakamkuta.

"Hapohapo," alisema mwenye kamera. "Usitikisike."